Fukusi na ukungu: Yupi adui mkubwa katika mahindi yako?

Je, msomaji, ukifungua debe lako la mahindi ukakuta fukusi wanatembea, utafanya nini? Na ukifungua debe la pili ukakuta hamna mdudu hata mmoja, ila punje chache zimegeuka rangi na harufu ya uvundo inakupiga puani, hayo nayo utayafanyaje?

Watu wengi hujibu upesi. Mahindi ya fukusi yanatia kinyaa, basi mwenye duka hulaumiwa na mahindi hurudishwa. Ya ukungu hayaleti ugomvi. Hupepetwa, huanikwa juani siku moja, kisha hupelekwa mashineni yakasagwa, na jioni yakawa sima.

Kwa upande wa afya, mambo ni kinyume kabisa. Fukusi anakula chakula chako. Ukungu unaweza kukuua wewe mwenyewe. Kwa sababu hiyo ni muhimu kwa kila mwenye kununua mahindi, awe anaishi Shika Adabu, Mtongwe, Bofu au kwingineko Likoni, kujua tofauti ya maadui hawa wawili na jinsi wanavyosaidiana.

FUKUSI NI NANI?

Fukusi wa mahindi ni mdudu mdogo wa urefu wa milimita tatu hadi nne hivi. Rangi yake ni kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi, na mbele ana mdomo mrefu kama mkonga wa ndovu. Wataalamu humwita Sitophilus zeamais.

Jike hutoboa punje kwa mdomo huo, akataga yai moja ndani ya tundu, kisha akaliziba kwa ute ambao hukauka. Buu akianguliwa hula punje kutoka ndani, na hatoki nje mpaka awe mdudu kamili. Katika joto kama la pwani yetu, safari hiyo kutoka yai hadi mdudu kamili huchukua takriban siku 35.

Hii ndiyo sababu unaweza kununua mahindi yanayoonekana safi kabisa, ukayafunga vizuri, na baada ya mwezi na siku kadhaa ukashangaa wadudu wametoka wapi. Wengi wao ulikuja nao kutoka sokoni, wakiwa mayai na mabuu ndani ya punje.

Mwenzake mharibifu zaidi ni dumuzi, ambaye asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Dumuzi alionekana Tanzania, upande wa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kufikia 1983 alikuwa amevuka mpaka na kuingia Kenya kupitia Taveta. Yeye husaga punje mpaka zikawa vumbi. Wakulima wengi nchini wamembandika jina la Osama kutokana na uharibifu huo.

Hasara ya wadudu hawa ni kubwa mfukoni. Gunia lililobunguliwa ni jepesi, na mnunuzi anayepimiwa kwa gorogoro huwa analipia mashimo. Isitoshe, vumbi lao linaweza kumchokoza mtu mwenye pumu.

Hata hivyo, fukusi hana sumu. Haumi binadamu wala haambukizi ugonjwa kama afanyavyo mbu au nzi. Mtu aliyekula sima ya unga uliosagwa pamoja na fukusi wachache hatalazwa hospitalini kwa sababu ya mdudu huyo.

UKUNGU NI KITU GANI?

Ukungu si mdudu, wala si mmea. Ni katika jamii ya kuvu, ukoo mmoja na uyoga na hata hamira tunayoumulia mahamri. Hauna mdomo wala miguu. Huota nyuzi nyembamba sana ambazo hupenya ndani ya punje na kunyonya chakula kilichomo. Ukikomaa hutoa vijimbegu vidogo mno, laini kama vumbi, ambavyo hupeperushwa na upepo.

Vijimbegu hivyo viko kila mahali: katika udongo wa shamba, kwenye mabua, katika magunia makuukuu na hewani. Havihitaji kualikwa. Vinachongojea ni joto na unyevu tu.

Si kila ukungu ni wa kuogopwa. Dawa ya penisilini, ambayo imeokoa roho za watu wengi, ilitokana na ukungu ambao Alexander Fleming aliugundua mjini London mwaka wa 1928. Wa kuogopwa katika mahindi na njugu ni ule unaoitwa Aspergillus flavus, ambao mara nyingi rangi yake ni kijani inayoelekea manjano. Huu hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini. Wenzetu wa Tanzania wameipa jina zuri la Kiswahili, sumukuvu.

Sumu hii ilijulikana baada ya mkasa wa mwaka wa 1960 nchini Uingereza, ambapo bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ulionyesha kuwa walilishwa mashudu ya njugu yaliyotoka Brazil, nayo yalikuwa yameota ukungu huo.

TOFAUTI ILIYO KUBWA

Sasa tuwaweke maadui hawa wawili mizanini.

Kwanza, fukusi anaonekana na athari yake inaonekana. Shimo ni shimo. Sumu ya ukungu haina rangi, haina harufu wala haina ladha. Harufu ya uvundo ni ya ukungu wenyewe, na inaweza kupotea baada ya kuanika huku sumu ikiwa imebaki. Aidha, kuna punje zenye sumu ambazo kwa macho zinaonekana nzima.

Pili, na hili ndilo la kushika sana: fukusi akifa, kazi yake imekwisha. Ukungu ukifa, sumu yake inabaki. Jua kali litafukuza fukusi na kukausha ukungu, lakini halitaondoa sumu iliyokwisha kutengenezwa.

Tatu, moto. Fukusi hastahimili chungu kinachochemka hata dakika chache. Aflatoksini ni nyingine. Maji huchemka kwa nyuzijoto 100, na sumu hii huanza kuvunjika vizuri baada ya kupita nyuzijoto 200. Kwa hivyo hata ukisonga sima kwa saa nzima, ukichemsha pure mpaka ziive sana, au ukipika uji mpaka ushikane, sumu itaingia mezani pamoja na chakula.

Nne, kiasi. Fukusi kumi katika debe ni kero tu. Lakini sheria ya Kenya hairuhusu aflatoksini izidi mikrogramu 10 katika kila kilo ya mahindi. Ili upate picha ya udogo wa kiasi hicho, gramu moja tu ya sumu hii ingetosha kuyafikisha kwenye kikomo mahindi ya tani 100, yaani zaidi ya magunia 1,100 ya kilo 90.

WANAVYOSAIDIANA

Pamoja na tofauti hizo, usifikiri fukusi ni mtu mwema. Huyu ndiye bawabu anayeufungulia ukungu mlango.

Punje nzima ina ganda gumu ambalo huuzuia ukungu kupenya. Fukusi akishaitoboa, ukungu hupata njia ya mkato. Mdudu huyo pia hubeba vijimbegu mwilini mwake na kuvisambaza kutoka punje hadi punje. Tena fukusi wanapumua: pumzi ya maelfu yao ndani ya gunia huleta joto na unyevu. Tia mkono katikati ya gunia lililojaa fukusi na huenda ukahisi joto hilo. Hapo ndipo ukungu hustawi.

Kwa hivyo mahindi yaliyobunguliwa sana ni ya kushukiwa. Fukusi wenyewe hawana sumu, lakini wanaweza kuwa dalili kwamba ukungu umekwisha kuingia.

YALIYOTOKEA UKAMBANI

Wapo wanaodhani haya ni maneno ya vitabuni. Mwaka wa 1981, wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali za Ukambani wakiwa na ugonjwa wa ini uliotokana na mahindi yenye sumu hii. Kati yao 12 walikufa.

Mwaka wa 2004 mkasa ulirudi kwa nguvu zaidi, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui. Kufikia mwezi wa Julai, watu 317 walikuwa wameugua na 125 kati yao wamefariki. Yaani katika kila watu watano walioambukika sumu hiyo, takriban wawili walikufa. Zaidi ya nusu ya sampuli za mahindi zilizochukuliwa masokoni zilipita kikomo cha wakati huo, ambacho kilikuwa mikrogramu 20, na nyingine zilipita 1,000.

Chanzo kilikuwa nini? Mahindi yalivunwa yakiwa mabichi wakati wa mvua isiyo ya msimu, yakaingizwa ndani ya nyumba kabla ya kukauka. Chakula kilikuwa adimu na watu wakihofia wezi. Sumu ikaota chumbani, karibu na kitanda.

Jirani zetu nao hawakusalimika. Mwaka wa 2016, huko Dodoma na Manyara nchini Tanzania, watu 20 walifariki kwa sumu hiyo hiyo.

KWA NINI SISI WA PWANI TUJIHADHARI?

Utasema, hayo ni ya Ukambani, nasi tuko mjini. Lakini mahindi yanayoliwa Likoni hayakulimwa Likoni. Hutoka bara, hutoka Kwale, hutoka Tanzania kupitia Lunga Lunga, na mengine hushuka bandarini. Mwezi wa Machi 2021 serikali ilisimamisha kwa siku chache uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hii. Hata unga wa pakiti umewahi kuguswa: Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi.

Jambo la pili ni hewa yetu. Mahindi ni kama sifongo. Yakikaushwa vizuri bara, kisha yakawekwa wazi mahali penye hewa nzito ya bahari, huanza kuvuta maji upya. Mahindi salama yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Wakati wa masika, hasa mwezi wa Mei, gunia lililo wazi juu ya sakafu ya saruji linaweza kupita kiwango hicho bila kumwagikiwa na tone la maji.

Wazee wa Kidigo na majirani zao walilijua jambo hili kabla ya maabara. Mahindi yao waliyaweka uchagani, juu ya meko. Moshi ulifukuza fukusi na joto la moto likayaweka makavu, kwa hivyo maadui wote wawili walizuiwa kwa dawa moja. Anayepika kwa gesi katika chumba cha kupanga hana uchaga, basi hana budi kutafuta njia nyingine.

SUMU HUFANYA NINI MWILINI?

Aflatoksini hushambulia ini. Aliyekula nyingi kwa muda mfupi hukosa hamu ya chakula, hutapika, huumwa na tumbo, kisha macho na ngozi hugeuka manjano. Tumbo linaweza kujaa maji na miguu kuvimba. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Daktari humsaidia mgonjwa huku ini likijitahidi kupona.

Ukiona watu wawili au watatu wa nyumba moja wana manjano kwa wakati mmoja, usingoje wala usiwatibu kwa miti shamba. Wapelekeni hospitalini mara moja, nanyi mchukue sampuli ya mahindi au unga mliokuwa mkila. Acheni kuula papo hapo.

Aliyekula kidogo kidogo kwa miaka haoni lolote kwa muda mrefu, lakini sumu hii inasababisha saratani ya ini. Hatari huongezeka sana kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B: anaweza kuwa katika hatari mara 30 zaidi ya mtu asiye na virusi hivyo. Chanjo ya homa hiyo imo katika chanjo za watoto nchini Kenya tangu 2001, na hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama asiikose hata mara moja.

Watoto nao wana hatari yao. Uji wa lishe mara nyingi huchanganywa mahindi na njugu, na vyote viwili ni vyakula ambavyo ukungu huu huvipenda. Sumu hii imehusishwa pia na watoto kudumaa. Chagua njugu za uji moja moja, na uitupe kila iliyosinyaa, iliyogeuka rangi au iliyo chungu.

DAWA YA FUKUSI HAIUI UKUNGU

Kuna kosa jingine linalohatarisha maisha. Mtu akiona fukusi hukimbilia dawa, akaamini kwamba mahindi sasa ni salama. Dawa ya wadudu huua wadudu. Haigusi ukungu wala sumu yake.

Mbaya zaidi ni vile vidonge vya kufukizia maghala. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo humuua binadamu kama inavyomuua fukusi. Katika nyumba zetu za Kiswahili, zenye ukumbi mmoja na vyumba huku na huku, gesi hiyo hupita juu ya ukuta na chini ya mlango ikamfikia jirani aliyelala. Vidonge hivyo visitumike kamwe ndani ya nyumba wanamolala watu. Ni kazi ya mafundi waliofunzwa, tena katika ghala lililofungwa.

LA KUFANYA

Unaponunua: Chota mahindi kutoka ndani ya gunia, si ya juu tu. Yanuse. Yakiwa na uvundo, yana joto, yameshikana mabonge au yana unga mwingi wa kubunguliwa, yaache hata kama bei ni ya chini. Nunua ya wiki mbili tatu, usilimbikize.

Pima unyevu: Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi mpaka theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi, funga na utikise kwa dakika kadhaa. Iache itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana maji mengi, zaidi ya asilimia 15. Kwa kuwa chumvi ya pwani hulowa yenyewe, ikaange kwanza kwenye sufuria kavu na uiache ipoe.

Kabla ya kusaga: Mwaga mahindi kwenye uteo au sinia, uchague kwa mkono. Toa zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizogeuka rangi na zilizotobolewa. Mara nyingi sumu nyingi huwa katika punje chache, kwa hivyo kazi hii ya nusu saa ina faida kubwa. Kukoboa nako hupunguza sumu, kwani sehemu kubwa huwa katika ganda na kiini. Lakini hupunguza tu, hakuimalizi.

Unapoweka: Tumia debe au pipa kavu lenye kifuniko kinachokaza. Kama una shamba Matuga au Msambweni na huvuna magunia, anika juu ya turubai wala si juu ya udongo. Yakikauka kabisa, tia katika ile mifuko maalumu isiyopitisha hewa. Fukusi waliomo hufa kwa kukosa pumzi bila dawa yoyote, na unyevu wa nje hauingii. Ila usitie mahindi mabichi humo, utakuwa umeufungia ukungu ndani. Gunia lisikae juu ya saruji wala lisiegemee ukuta: liinue kwa mbao.

Shambani: Kuna dawa iitwayo Aflasafe, iliyosajiliwa Kenya mwaka wa 2015. Hii ni ukungu wa aina ile ile, lakini usiotoa sumu. Hunyunyiziwa mahindi yakiwa bado shambani, nao hunyang'anya nafasi ule wenye sumu.

Yaliyoharibika: Usiwape kuku, bata wala ng'ombe. Bata hudhurika upesi sana, na ng'ombe aliyekula sumu hii huitoa katika maziwa, ikamrudia mwanao kikombeni. Usiyatengenezee pombe wala usimwuzie mwingine. Yafukie.

Tunajua kwamba gorogoro moja ni pesa, na kuna nyumba ambazo kutupa mahindi ni kulala njaa. Ndiyo maana tunasisitiza kutofautisha. Mahindi yenye fukusi wachache, makavu, yasiyo na uvundo, yanaweza kuchekechwa, kuchaguliwa na kuliwa. Usiyatupe kwa kinyaa. Mahindi yaliyoota ukungu, hata kama hayana mdudu mmoja, hayafai kwa mtu wala mnyama.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika debe la mahindi, fukusi unayemwona anatembea amekuibia kibaba. Kagua usiyemwona kabla hujaenda mashineni.